Mkunga, Mkwe na Injini ya Dizeli

Wewe ambaye hujawahi kukaa na gari bovu uani kwako, ukaamka nalo na kulala nalo, ukaanika nguo kwenye kamba inayopita juu ya paa lake, huwezi kujua Bibi Gia aliishije msimu ule. Gari lilikuwa juu ya magogo, magurudumu yananing'inia hewani, bonneti imeegemezwa ukutani kando ya mlango wa jikoni, na pale injini ilipokuwa pamebaki shimo. Kuku walishaanza kutaga humo.

Bibi Gia alikuwa mkunga. Jina hilo alipewa na watoto wa mlimani, ambako alipanda kila wiki kuwapima wajawazito na kuzalisha. Walimsikia akikwaruza gia chini kwenye mpando kabla hawajamwona, wakaanza kupiga kelele kwamba Bibi Gia huyo. Zahanati yake ilikuwa bondeni. Huko juu hakukuwa na kituo chochote, ila chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha kupasulia mbao ambacho wenye kiwanda walimwachia. Barabara ilikuwa nzuri tu mpaka darajani, kisha ukaja mpando wa udongo mwekundu. Kiangazi, hata pikipiki mbovu ilipanda. Mvua zikianza, hakuna kilichopanda isipokuwa miguu ya watu na lile gari lake kuukuu la fowili, kwa sababu akivuta kile kirungu kifupi kilichokaa kando ya gia, magurudumu ya mbele nayo yalishika kazi, gari likapanda likinung'unika mpaka juu.

Kwa hiyo gari halikuwa na ugonjwa. Hilo ndilo lililomuuma. Injini yake ya petroli ilikuwa nzima, inawaka kwa mguso mmoja hata asubuhi ya baridi. Kosa lake lilikuwa ulevi. Ilikunywa petroli bila aibu, na huko mlimani petroli haikupatikana. Ilibidi Bibi Gia abebe madumu nyuma, aendeshe vioo vyote vikiwa wazi, mkoba wa kazi ukinuka, na akimshusha mjamzito hospitali, mgonjwa anatapika njia nzima. Kiwanda cha mbao kilikuwa na mapipa ya dizeli kwa ajili ya mashine zake, na msimamizi wa kiwanda hakuchoka kumwambia, "Bibi, ungekuwa na gari la dizeli ungejaza hapahapa."

Siku moja akalisema jambo hilo mezani kwa binti yake, mume wa binti akiwapo. Laiti angefunga mdomo akala.

Mkwe huyo alikuwa fundi magari mjini, na watu walimwita Fundi Tulia. Mteja akiuliza gari litakwisha lini, jibu ni tulia. Mteja akiuliza kwa nini breki zinalia hata baada ya kutengenezwa, tulia. Mikono yake ilikuwa mizuri, hata wanaomchukia walikubali. Mabasi madogo na malori yaliyoletwa kwake yakivutwa kwa kamba yaliondoka kwa nguvu zao wenyewe. Lakini kusikiliza hakukuwa kazi yake.

"Mama, kuna kilori kimepata ajali," alisema siku hiyo, kijiko kikiwa hewani. "Kimeharibika nyuma, lakini injini ya dizeli haina hata mkwaruzo. Naihamishia kwenye gari lako. Mvua zikija unapanda kwa mafuta ya kiwandani."

"Itakubali, baba?"

"Tulia, mama."

Na Bibi Gia akatulia. Hapo ndipo penye kichekesho, kama una moyo wa kucheka. Mwanamke huyu aliwahi kumfokea daktari mkuu wa hospitali mbele ya wauguzi wake. Wanaume waliochelewa kuwaleta wake zao waliijua sauti yake kutoka mbali. Lakini mkwe ni mkwe. Tangu siku ya posa alimwita "baba", akamwonea haya na yeye akamwonea haya, hawakuwahi kutupiana neno zito. Lenye uzito lilipitia kwa binti. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyomlea binti mwenyewe: neno la mama likifika kwa mume liwe limeoshwa na kukaushwa.

Kutoa injini ya zamani kulikuwa sherehe. Fundi Tulia alikuja na vijana wa gereji yake, wakafunga winchi ya mnyororo kwenye nguzo tatu, na kabla jua halijawa kali injini ikatoka ikipepesuka. Majirani wakapiga makofi. Siku hiyohiyo ikachukuliwa na mtu wa gereji ya jirani aliyekuwa akiihitaji, na Bibi Gia, aliyerudi kutoka zahanati jioni, akakuta shimo na mafuta chini.

"Mbona mmeiondoa kabla nyingine haijaingia?" alimuuliza binti yake, pembeni.

"Inakula nafasi, mama. Mume wangu anasema tusiwe na wasiwasi."

Kuingiza sasa. Injini ya kilori haikutaka kuongea na gia boksi ya gari. Matundu ya bolti hayakulingana, ikabidi bamba nene la chuma lichongwe likae katikati ya viwili hivyo. Mchonga vyuma akalichonga, likarudi limepungua unene wa ukucha. Likachongwa jingine. Kisha viti vya injini, vile vyuma vinavyoishikilia kwenye chasisi, vikachomelewa, vikakatwa, vikachomelewa tena, kwa sababu mara ya kwanza injini ilikaa imepinda. Kisha rejeta, ile ya maji ya kupoza injini, ikawa ndogo. Kila hatua ilikuwa na kisa chake na kila kisa kilikula siku, na siku nyingine Fundi Tulia hakuonekana kabisa, maana alikuwa na wateja wa mjini nao wanatulizwa.

Bibi Gia alikwenda mlimani kwa lifti za malori ya mbao. Lori likiondoka kurudi mapema, naye aliondoka mapema, akawaacha kina mama kwenye benchi wakimtazama. Alirudi nyumbani, akawakuta vijana wa gereji wamelala chini ya gari kwenye kivuli. "Poleni na kazi," aliwaambia. Ndani alikuwa anaungua. Akaingia jikoni, akampigia binti simu, akafungulia bomba la maneno.

"Mwambie mumeo nimechoka. Mwambie mawingu yameanza kukaa upande wa mlima na mvua haijui gereji. Mwambie asije akaniharibia, lile gari likiacha kuvuta mbele litakuwa la mapambo tu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Nitamwambia."

Siku waliyoiwasha, uani kulijaa watu. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi uliowafukuza kuku, kisha ikashika, ikanguruma vizuri kabisa. Bibi Gia akajikuta anatabasamu, karibu amsamehe kila mtu. Fundi Tulia akazungusha ufunguo kuizima. Haikuzima. Akautoa ufunguo kabisa, akauinua juu, akautazama, na injini ikaendelea kunguruma. Hakuwa ameunganisha bado ule waya unaokata dizeli, na injini ya aina hiyo haina habari na ufunguo wako.

"Nipeni kitu bapa!" alipiga kelele.

Kijana mmoja akakimbilia jikoni, akarudi na ubao wa kukatia mboga wa Bibi Gia. Fundi akauziba nao mdomo wa kuvutia hewa. Injini ikapiga chafya, ikatetemeka mwili mzima, ikafa. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ubao ulirudishwa jikoni ukiwa na duara jeusi la masizi ambalo halikutoka kwa sabuni wala kwa majivu, na Bibi Gia aliukatia vitunguu hivyohivyo huku akiuma meno.

Kilichofuata hakikumchekesha mtu. Waliondoa magogo, wakalishusha gari taratibu kwa jeki. Magurudumu yakagusa ardhi, springi zikalala, na chini ya gari pakasikika mlio wa chuma kukaa juu ya chuma. Fundi Tulia akainama, akachungulia, akabaki ameinama muda mrefu kuliko kawaida.

Muda wote walipima gari likiwa linaning'inia. Likiwa juu ya magogo, ekseli ya mbele nayo huning'inia, inashuka mbali na injini, na nafasi inaonekana tele. Gari likisimama kwa miguu yake, ekseli inapanda. Sasa lile dude la mviringo la difu, linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele, lilikuwa limebana kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo tumboni mwa injini. Hapakupita hata kidole. Tundu moja la barabarani, na sampu ingepasuka.

"Imekuwaje, baba?" Bibi Gia aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya adabu.

"Jambo dogo, mama. Tulia."

Angempiga. Mbele ya Mungu, angekuwa si mkwe wake angempiga kwa ule ubao wa mboga.

Gari likavutwa kwenda gereji mjini, na uani kukabaki doa la mafuta. Manyunyu ya kwanza yakaanguka. Kila jioni alimwuliza binti, na kila jioni binti alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: wanashughulika, mama, wamekaribia, mama, leo hata kula hajala. Bibi Gia akaanza kuota yuko mlimani na mikono yake haina vidole. Akawa mkali zahanati. Muuguzi msaidizi akawa akimwona anaingia anatokea mlango wa nyuma.

Kisha, asubuhi moja, honi ikalia nje. Gari hilo, limeoshwa, bonneti imefungwa, ufunguo unazima na kuwasha, moshi kidogo tu. Limekaa sawa. Fundi Tulia akashuka, akaushika ufunguo kwa mikono miwili, akampa.

"Lile la ekseli?" Bibi Gia aliuliza.

"Limekwisha kabisa, mama. Gari halina tatizo lolote sasa."

Alimshukuru, akamwombea baraka, akampikia. Alizunguka nalo bondeni siku hiyo, likaenda vizuri, zito kidogo puani lakini lenye nguvu. Kirungu kifupi kilikuwa palepale kando ya gia. Akakipapasa akicheka peke yake.

Mvua kubwa ilinyesha siku iliyofuata. Kesho yake asubuhi simu ya msimamizi wa kiwanda ikaita: mke wa mpanga mbao mmoja alikuwa na uchungu, mimba ya tano, na hawamwoni mtu wa kumsaidia ila bibi mzee wa mume, ambaye macho yake hayaoni. Bibi Gia alikuwa barabarani kabla simu haijakatika. Akavuka daraja, akafika chini ya mpando. Udongo mwekundu uling'aa. Akasimama, akavuta kirungu kifupi, akakanyaga mafuta.

Gari likapanda hatua chache, kisha likaanza kuteleza kinyumenyume, magurudumu ya nyuma yakirusha matope. Akakirudisha kirungu, akakivuta tena. Kilikwenda kwa wepesi wa kijiko ndani ya uji. Akashuka kwenye mvua, akainama, akatazama chini ya gari. Pale palipokuwa na dude la difu palipita chuma kitupu, kimepinda katikati kuipisha sampu, gurudumu hadi gurudumu. Ekseli ya kilori. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamefungwa hapo kwa kuzunguka tu.

Alitukana. Alitukana kwa sauti, peke yake, mkunga mzee kwenye mvua, maneno ambayo binti yake asingeamini kwamba anayajua. Kisha akaufunga mkoba kichwani kwa kanga na kuanza kupanda kwa miguu.

Alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa na analia. Mama yake ndiye aliyekuwa hasemi. Damu ilikuwa imepenya godoro na kufika sakafuni. Bibi Gia alipiga magoti na matope yake, akachoma sindano, akalikanda tumbo, akaendelea kulikanda mpaka mabega yakafa ganzi, akimwita yule mwanamke, akimkaripia, akimkataza kulala. Mchana ulikuwa umepita nusu damu ilipokubali kusimama. Mwanamke akafumbua macho, akaomba maji. Bibi Gia akatoka nje, akaegemea rundo la mbao.

Angechelewa kidogo tu zaidi. Hilo alilijua, na lilimkaa kifuani njia nzima ya kushuka, chini kwenye gari lililozama matopeni, na ndani ya lori lililompeleka mjini akiwa na gauni la damu na udongo. Hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa binti yake, akawakuta mezani.

"Mama! Umepatwa na nini?" binti alisimama.

"Kaa." Akamgeukia mkwe. Hakumwita baba. "Umelitoa difu la mbele."

Fundi Tulia akaweka kipande cha mkate chini. "Ndiyo, mama. Ile ekseli ya kilori imeshuka katikati, injini inakaa bila taabu."

"Na kirungu?"

"Nilikiacha. Kukitoa kungeacha tundu sakafuni."

"Leo mwanamke nusura afe mikononi mwangu kwa sababu ya hilo tundu lako!" Sauti ile ya zahanati ilipiga ukuta. "Gari lisilovuta mbele nalipeleka wapi? Harusini? Nilisema! Mara ngapi nimesema?"

Kijana wa watu alikuwa amepauka. Lakini alimtazama usoni, labda mara ya kwanza tangu posa.

"Kwa nani, mama?"

"Nini?"

"Ulimwambia nani? Mimi hujaniambia. Wateja wangu wote wenye magari haya wanayapenda kwa urefu wake, kirungu hicho hawajakigusa hata siku moja. Hata hivyo niliuliza. Nilimwambia mke wangu, muulize mama, nikitoa mvuto wa mbele kuna shida? Akaniambia mama hana shida, anachotaka gari litembee."

Wote wawili wakamgeukia binti. Alikuwa ameshika pindo la kitambaa cha meza, machozi yakimtiririka.

"Ulikuwa na hasira, mama. Na yeye alikuwa halali kwa ajili ya hilo gari. Ningekuletea swali jingine, ukasema maneno, na mimi nikampelekea maneno hayo?" Akafuta pua. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Nisimfikishie mume wangu neno lenye miiba."

Bibi Gia akavuta kiti, akaketi na matope yake kwenye kitambaa kisafi cha kiti. Hasira haikupungua. Ilikosa tu mahali pa kwenda.

"Ekseli yangu iko wapi?" aliuliza mwishowe.

"Ipo gereji, mama, sijaigusa. Naweza kuirudisha. Nikate sampu, nihamishie tumbo lake nyuma, ipishe difu. Ndivyo nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo, ila ni kazi ya kuchomelea kwa uangalifu, na ulikuwa na haraka. Niliambiwa una haraka." Akasita. "Itachukua muda. Mvua hizi zitakukuta."

"Kesho asubuhi napanda kumwangalia yule mwanamke. Utakuja nami. Kwa miguu."

"Kesho kuna basi la mteja, mama, nimeshamwahidi. Labda keshokutwa, tuli..."

Binti akainua uso, tayari kuyaosha na kuyakausha maneno. "Mama anamaanisha kwamba..."

"Wewe nyamaza," Bibi Gia alisema. Akamwelekea mkwe. "Hapana. Sitaki keshokutwa. Nataka kesho."

Hakuna aliyewahi kusikia neno hapana likipita kati ya wawili hao. Fundi Tulia aliitikia kwa kichwa.

Mvua ilikuwa bado inanyesha walipovuka daraja. Gari lilikuwa palepale chini ya mpando, limezama hadi kwenye milango, na Fundi Tulia alilizunguka, akapita. Alikuwa amevaa viatu vya gereji. Kwenye kona ya kwanza alianguka kwa mikono, kwenye ya pili akaanguka mzima mzima, na mkoba wa mkunga aliobebeshwa ukabingirika mpaka kwenye mfereji. Akaufuata, akaupandisha begani, akatazama juu, ambako njia ilipotelea kwenye ukungu, kisha akageuka kutazama nyuma walikotoka. Alifanya hivyo mara nyingi, juu na chini, uso ukiwa na rangi ya mtu anayepima kitu kikubwa asichokuwa na futi yake.

"Unapandaga huku na gari?" aliuliza akihema.

"Kila wiki."

Wakaenda kidogo. Matope yalikuwa yamefika magotini mwake.

"Mama, bado mbali?"

Zamani angemjibu tumekaribia, baba, jikaze kidogo.

"Bado sana," alisema, wala hakupunguza mwendo.